Kuhifadhi umeme kwa wingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwenye kaunta ya duka, juu ya paa tukifunga sola, kwenye mafunzo ya mafundi, na mengi zaidi kwenye makundi ya WhatsApp umeme ukikatika. Mengine nimeyaunganisha kwa sababu ni swali lilelile kwa maneno mengine. Nikikuelekeza kwenye swali jingine, nenda huko, sitarudia.

## Mwanzo kabisa

1. Kwani umeme haukai? Mbona maji yanakaa kwenye tanki na mahindi ghalani?

Umeme wa gridi haukai. Huo unaowasha taa yako pale Sakina sasa hivi unazalishwa sasa hivi, na mtambo unaozunguka Rufiji, Kidatu au Kinyerezi. Watu wakichomeka pasi kwa wingi, mitambo lazima isukume zaidi papo hapo. Wakizichomoa, ipunguze. Dalili ya mizani hiyo ni masafa ya umeme, ambayo mafundi huyaita frikwensi, na kwetu yanatakiwa yawe hezi 50. Uzalishaji ukizidiwa na matumizi yanashuka, ukiyazidi yanapanda. Yakienda mbali sana upande wowote, mitambo inajizima ili isiharibike.

Kinachohifadhiwa basi si umeme wenyewe. Unageuzwa kwanza kuwa kitu kinachokaa: maji yaliyopandishwa juu, kemikali ndani ya betri, joto, hewa iliyoshindiliwa. Saa ya kuuhitaji ikifika, unarudishwa kuwa umeme.

2. Megawati na megawati-saa si kitu kimoja?

Hapana, na habari nyingi za magazeti zinachanganya hapa. Megawati ni upana wa bomba, megawati-saa ni ujazo wa tanki. Betri maarufu ya Hornsdale kule Australia Kusini ilipoanza mwaka 2017 ilikuwa ya megawati 100 na megawati-saa 129. Maana yake ukifungua bomba lote, tanki linakauka baada ya saa moja na robo hivi.

Megawati-saa moja ni uniti 1,000 za LUKU. Mtu akikutangazia mradi wa "betri ya megawati kadhaa", muulize itatoa kwa saa ngapi. Asipojua, hajui anachokitangaza.

3. Kuhifadhi kunaongeza umeme nchini?

Hakuongezi hata uniti moja. Kunapunguza. Ukiingiza uniti 100 kwenye betri za lithiamu utarudishiwa 85 hadi 90, na kwenye mtambo wa kupandisha maji 70 hadi 80. Unacholipia ni kuuhamisha umeme kutoka saa isiyouhitaji kwenda saa inayouhitaji. Asiyekubali hili atabishana na kila jibu linalofuata.

4. Basi kwa nini kila anayezungumzia nishati safi anataja betri?

Kwa sababu jua linazama saa ambayo sisi tunarudi nyumbani. Tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo mwaka mzima giza linaingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Kuanzia hapo taa zinawaka, runinga zinawaka, sare za shule zinapigwa pasi, hoteli za watalii zinachemsha maji ya kuoga. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku ndipo gridi inapobeba mzigo mkubwa, na paneli za sola wakati huo ni vioo tu juu ya nguzo. Mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, umepangwa kufika megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Zote 150 zikiwepo, saa 2 usiku zitatoa sifuri.

Kalifonia wamekutana na jambo hili kwa ukubwa. Mchana wana jua la kumwaga, jioni linawakimbia. Mwaka 2024 betri zao za gridi zilivuka megawati 10,000, na zipo jioni ambazo kwa saa moja au mbili betri zilitoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote jimboni.

Majirani zetu Kenya wana sura ya pili ya tatizo lilelile. Mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana havilali, lakini watu wanalala. Usiku wa manane sehemu ya umeme huo inakosa wa kuutumia, mitambo inapunguzwa makusudi. Kwa nchi kama hiyo ghala la umeme lingejaa saa 8 usiku, si saa 8 mchana.

## Njia zenyewe

5. Njia gani imekuwa ikitumika kwa wingi zaidi?

Maji. Unajenga mabwawa mawili, moja juu, moja chini. Umeme ukizidi, pampu zinapandisha maji. Ukipungua, unayaachia yashuke yazungushe mitambo ileile. Afrika Kusini wanao mtambo wa Ingula wa megawati 1,332, na wa Drakensberg wa megawati 1,000 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. China walikamilisha Fengning, megawati 3,600, mwishoni mwa 2024. Waingereza walichimba wao ndani ya mlima huko Wales, Dinorwig, megawati 1,728, ukaanza 1984. Sifa yake ni kuamka kwa sekunde chache pale nchi nzima inapochomeka birika za chai baada ya mechi kwisha kwenye runinga.

Ugumu uko kwenye uzito. Chukua simtank ya lita 5,000 uiweke juu ya mnara wa mita 10, kama zile unazoziona kila nyumba Njiro. Maji yote hayo yakishuka yanabeba nishati ya uniti 0.136. Kwa pasi ya wati 1,000 hizo ni dakika nane, hujamaliza hata shati la pili la mkono mrefu. Betri moja ya gari ya N70, unayoibeba kwa mkono mmoja, ina mara sita ya hapo. Ndiyo maana maji hayafai kwa nyumba, ila yanafaa sana ukiwa na mlima na ziwa.

6. Bwawa la Nyerere si betri tayari?

Ni ghala, ila haliwezi kuchajiwa kwa pampu. Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa.

Mtu wa Same ataelewa haraka kuliko mhandisi. Upareni kuna ndiva, vibwawa vya udongo na mawe kwenye mifereji. Usiku, wakati hakuna anayemwagilia, maji ya mfereji yanajaza ndiva. Asubuhi inafunguliwa, na mkondo ambao ungekuwa mwembamba unatoka na nguvu ya kufika shamba la mwisho. Wachaga nao wanayo kwenye mifongo, mifereji yao ya asili, wanaita nduwa. Hakuna tone lililoongezeka, kilichobadilika ni saa.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, linaweza kufanya kazi ya ndiva. Mchana, sola zikiwa nyingi siku zijazo, unafunga baadhi ya mitambo na maji yanabaki bwawani. Jioni unafungua. Sola inakuwa imechaji bwawa bila pampu hata moja. Kwa maoni yangu hili ndilo ghala la bei nafuu kuliko yote tutakayowahi kuwa nalo, kwa sababu limeshajengwa. Kabla ya kuota betri kama za Kalifonia, nchi yenye bwawa la namna hiyo ingejenga sola ya kutosha ya kulipumzisha mchana.

Karibu nasi, Nyumba ya Mungu inafanya hivyo kwa kipimo kidogo. Kituo chake ni megawati 8 tu, lakini maji yakitoka pale yanashuka Mto Pangani na kuzungusha Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Ghala moja, mitambo mitatu. Shida ni kwamba bwawa hilo lina wenyewe wengi: wavuvi, wakulima, na mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Huwezi kulifungua na kulifunga kwa ajili ya umeme peke yake.

7. Hizo betri kubwa zikoje? Ni kama ya inverta yangu?

Ndani ni ndugu wa betri yako. Nje ni kontena. Kontena la futi 20, lile la bandarini, siku hizi linabeba takriban megawati-saa 5, uniti 5,000. Pembeni kuna inverta kubwa, transfoma, feni au maji ya kupoza, na kompyuta inayolinda kila seli.

Tuseme unataka megawati 100 kwa saa nne, kuanzia magharibi hadi watu walale. Hayo ni makontena kama 80 na ekari chache za kiwanja kilichosawazishwa karibu na kituo cha kupoza umeme. Mabwawa hayaruhusu uchaguzi wa namna hiyo, ila betri unaiweka unapotaka na inajengwa kwa miezi badala ya miaka. Bei nayo imeanguka. Mwaka 2010 pakiti ya lithiamu ilizidi dola 1,000 kwa kila kilowati-saa, na mwaka 2024 wastani wa dunia ulifika dola 115, kabla ya kuongeza makontena, usafiri na ufundi.

8. Betri inawezaje kuzuia gridi nzima kuzimika?

Kwa kuwahi. Mtambo mkubwa ukijizima ghafla, masafa (swali la 1) yanaanza kuporomoka na una sekunde chache tu. Gesi inahitaji muda, maji yanahitaji muda. Betri haina kinachozunguka, inaanza kusukuma kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Australia Kusini walizimikiwa jimbo zima Septemba 28, 2016 kwa dhoruba. Elon Musk akaahidi kuwajengea betri ndani ya siku 100, na Desemba 1, 2017 ikaanza kazi. Wiki mbili tu baadaye jenereta moja ya makaa ya mawe katika jimbo jirani la Victoria ilijizima, na betri hiyo ikaingia kati ndani ya sekunde chache.

Sisi tunakumbuka Aprili 1, 2024, Jumatatu ya Pasaka, tulipoamka nchi haina umeme kwa hitilafu ya gridi. Sisemi betri ingeizuia ile, hitilafu zina aina zake. Nasema kazi ya kwanza ambayo betri ya gridi imejilipia katika nchi nyingi ni hii ya ulinzi wa sekunde, kabla hata ya kuhamisha umeme wa mchana kwenda usiku.

9. Na hidrojeni, hewa iliyoshindiliwa, mchanga wa moto?

Zipo. Huntorf, Ujerumani, wanashindilia hewa kwenye mapango ya chumvi tangu 1978, lakini unahitaji chumvi ya aina hiyo chini ya ardhi. Hidrojeni inaweza kukaa miezi, ila ukiuzungusha umeme kwenda na kurudi unapoteza zaidi ya nusu. Joto linafaa kiwanda kinachotaka joto lenyewe. Kwa Kaskazini, sijaona moja la kutusumbua akili kwa sasa.

## Kanda ya Kaskazini

10. Tuna megawati 2,115 Rufiji. Mbona huku umeme bado unapwaya?

Hili naulizwa kwa hasira, na nina jirani ambaye hasira yake naielewa. Anachomelea mageti Unga Limited. Mchana mashine yake inakula chuma vizuri. Ikifika saa 1 usiku moto unakuwa mwembamba, waya unanata kwenye bati badala ya kuyeyuka, anazima na kwenda nyumbani. "Fundi, umeme upo, nguvu haipo," ndivyo anavyoniambia.

Umeme mwingi unazalishwa kusini na mashariki, sisi tuko mwisho wa waya. Kwa miaka mingi Kaskazini ililishwa na njia mbili ndefu: ya kilovolti 132 kutoka Hale kupitia Same hadi Kiyungi, Moshi, na ya kilovolti 220 kutoka Singida kupitia Babati hadi Njiro. Waya mrefu uliobeba mzigo mkubwa unapoteza umeme njiani na volteji inashuka mwishoni, hasa jioni. Kuongeza mitambo Rufiji hakuupanui waya.

Njia mpya ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Arusha hadi Namanga na Isinya, Kenya, imebadilisha hesabu. Ndiyo iliyofanya iwezekane lile jambo lililozua ubishi Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza akiwa Same kwamba Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Watu waliuliza, tuna bwawa kubwa hivi, tunanunua wa nini? Jibu liko kwenye umbali na upotevu, si kwenye uhaba.

Na hapa ndipo betri inapokuwa na maana kwetu kuliko kwa mtu wa Chalinze. Makontena yakikaa Njiro au Kiyungi, yanajazwa usiku wa manane waya ukiwa mtupu, au mchana kwa sola za hapahapa. Jioni yanamwaga umeme karibu na mteja. Waya wa mbali haukazwi, volteji haishuki, na yule jirani anamaliza geti lake. Kuna nchi ambako betri imenunuliwa kwa sababu hii moja, kuahirisha ujenzi wa njia mpya. Ila haiondoi tatizo la transfoma ya mtaani iliyozidiwa. Hilo ni la mtaani, na dawa yake ni transfoma.

11. Tuna mlima mrefu kuliko yote Afrika. Kwa nini tusipandishe maji Kilimanjaro?

Swali hili huja kila mara, na aliyeniuliza mara ya mwisho ni mzee wa Machame ambaye hakuwa anatania. "Mwanangu, urefu si tunao?"

Urefu tunao, mzee wangu. Hesabu yake hii hapa: megawati 100 kwa saa nne, kwa mteremko wa mita 300, zinadai zaidi ya mita za ujazo 500,000 za maji juu na nafasi ya kiasi hicho chini. Hivyo ni viwanja saba hadi vinane vya mpira vyenye kina cha mita 10. Utavichimba wapi? Juu ni hifadhi ya taifa, tena urithi wa dunia tangu 1987. Katikati ni vihamba, makaburi ya mababu, migomba na kahawa, hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Na mwamba wa volkano unavuja. Maji ya mlima yanazama juu na kuibuka chini kama chemchemi, Chemka ukiwa mfano ambao watu wanalipia kuogelea. Bwawa la juu lingehitaji kutandikwa lote lisivuje.

Tena kila mfongo una ratiba yake ya zamu. Ukimwambia mama mwenye zamu ya Alhamisi kwamba maji yamepandishwa kulinda gridi, jiandae kwa mazungumzo marefu. Ningekuwa natafuta eneo ningeangalia kwanza kingo kali zenye watu wachache na maji yanayozunguka bila kuguswa, wala nisingeanza na mlima.

12. Betri zikija, bei ya LUKU itashuka?

Usitegemee. Leo elfu kumi inakupa uniti 28 hivi kama uko kwenye kundi la matumizi ya kawaida, na bei hiyo ni ileile saa 2 usiku na saa 9 alfajiri. Faida ya betri inaonekana kwanza kwa mwendesha gridi: upotevu mdogo, jenereta za akiba chache. Kwa mteja inaonekana kama umeme usiokatika. Bei ni uamuzi wa mdhibiti.

Kwa viwanda ni tofauti kidogo. Wateja wakubwa wanalipia pia kilele chao cha mwezi, siyo uniti tu. Kiwanda kinachowasha mashine zote kwa pamoja saa moja kwa siku kinaadhibiwa kwa saa hiyo. Betri ikikata kile kilele, ankara inapungua hata kama uniti ni zilezile.

13. Nina bucha, saluni, au chumba cha baridi cha maua. Betri au jenereta?

Hesabu kwa uniti. Jenereta ndogo ya petroli inakupa kama uniti mbili, mbili na nusu kwa lita. Ukiweka lita shilingi 3,000, uniti moja ni shilingi 1,200 hadi 1,500, bila oili, bila plagi, bila kelele za majirani. Betri iliyochajiwa kwa LUKU inakurudishia uniti kwa shilingi mia nne na kitu ukihesabu upotevu wa swali la 3. Gharama yake iko kwenye kununua.

Kwa hiyo umeme ukikatika kwako mara mbili kwa mwezi, kaa na jenereta. Ukikatika au kupwaya kila wiki, betri ya lithiamu ya uniti 5 inalipa. Friza moja ya bucha inakula kama uniti mbili kwa siku, betri hiyo itaibeba siku mbili ukiizuia isifunguliwe ovyo. Chumba cha baridi cha maua Usa River ni mzigo wa mchana, jua likiwepo. Huko weka sola nyingi na betri kidogo, na jenereta ibaki kwa siku za mawingu ya Aprili.

Tahadhari moja niliyoilipia mwenyewe. Nilinunua betri ya volti 12 iliyoandikwa Ah 100, bei nzuri, sanduku zuri. Nikaifungia mzigo wa wati 100. Ilitakiwa iende saa 12, ilizima kabla ya saa nne kutimia. Tangu siku hiyo silipi mpaka ipimwe kwa mzigo mbele yangu, na muuzaji anayekataa nampa mkono wa kwaheri.

## Wasiwasi

14. Si zinaungua?

Zimewahi. Januari 2025 jengo la betri la Moss Landing, Kalifonia, liliwaka na watu wa karibu wakahamishwa. Zile zilikuwa za kemia ya nikeli na kobalti, zimejazwa ndani ya jengo moja kuukuu la mtambo wa zamani, moto ukapata njia. Miradi mipya mingi inatumia betri za lithiamu za fosfati ya chuma, ambazo zinavumilia joto zaidi, na makontena yanatenganishwa nje ili moja likiwaka lisilambe la pili. Hatari haijaisha, imepungua. Kijiji kikiletewa mradi kina haki ya kuuliza umbali kati ya makontena, na kama gari la zimamoto linafika.

15. Zinadumu kwa muda gani, na zikifa zinakwenda wapi?

Betri nzuri ya fosfati ya chuma inahimili mizunguko maelfu kadhaa, yaani miaka kumi na zaidi ikichajiwa mara moja kwa siku. Joto linazizeesha. Kwa hilo Arusha, kwenye mita 1,400, tuna bahati kuliko wenzetu wa Moshi, ingawa watani zangu wa Pasua hawatalikubali.

Zikifa ndipo kuna kazi. Betri za risasi zina soko, kijana wa chuma chakavu atazifuata mpaka mlangoni, na ubaya wake ni pale zinapoyeyushwa uani watoto wakicheza kando. Za lithiamu bado hazina mnunuzi wa namna hiyo, na zikitupwa dampo zikatobolewa zinawaka. Mkataba wa mradi mkubwa useme tangu siku ya kwanza nani anazichukua.

16. Madini yake yanatoka wapi? Sisi tunapata nini?

Upande mmoja wa karibu kila seli ya lithiamu ni kinywe, yaani grafaiti. Ndiyo, kinywe kilekile. Aliyewahi kuona vijana wanatoka shimoni Mererani weusi tititi, wanang'aa kama risasi ya penseli, amekiona. Kwao ni uchafu unaosimama kati yao na tanzanaiti. Akiba kubwa za kinywe ziko Mahenge na mkoa wa Lindi, na nikeli iko Kabanga, Ngara. Kuchimba na kuuza vumbi hakutufikishi mbali, pesa iko kwenye kulisafisha mpaka kiwango cha betri.

17. Ukame ukija, betri zitatuokoa?

Hapana. Betri ni za saa, ukame ni wa miezi. Zambia mwaka 2024, Kariba ilipokauka, watu walikaa gizani sehemu kubwa ya siku kwa miezi, na sisi tunakumbuka 2006 na 2011. Dawa ya ukame ni kuchanganya vyanzo: jua, upepo, jotoardhi, gesi ya akiba, na nyaya za kuvuka mipaka. Jua linasaidia kwa namna moja nzuri, mwaka usio na mvua ni mwaka wa jua kali, na kila uniti ya mchana ni maji yaliyobaki bwawani (swali la 6).

18. Betri ikichajiwa na umeme wa gesi bado ni nishati safi?

Inakuwa safi kiasi kilekile cha umeme ulioichaji, kasoro upotevu. Ikijazwa jioni kwa mitambo ya gesi ya Kinyerezi ni gesi iliyocheleweshwa. Ikijazwa mchana kwa jua ni jua. Kinachoamua ni ratiba ya kuchaji.

19. Nikichaji betri yangu ya nyumbani usiku wa manane nasaidia gridi?

Kidogo, na hulipwi kwa hilo. Unachoweza kusaidia zaidi ni pale umeme unaporudi. Mtaa mmoja wa Majengo, Moshi, nimeitwa mara tatu kwa kosa lilelile: umeme umekatika mchana, unarudi saa 1 usiku, na inverta zote za mtaa zinaanza kuchaji kwa nguvu zote dakika hiyohiyo, juu ya friji na pasi. Fyuzi ya transfoma inakatika, giza linarudi, na watu wanasema umeme umeletwa wa kutania. Inverta nyingi zina sehemu ya kupunguza ampea za kuchajia na ya kuchelewesha mpaka saa 5 usiku. Kama huijui menyu yake, mwambie aliyekufungia arudi aiweke. Ni kazi ya dakika tano, asikutoze.